Gereji Yako, Karakana Yetu

12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona. Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unasimulia mpaka simu inazimika, na mimi nabaki na ombi langu mdomoni.

Ombi lenyewe ni hili. Mkataba wangu hapa kiwandani unaisha mwezi wa kumi, na sitaki mwingine. Watu huko nyumbani wanadhani natengeneza makabati. Kweli yake ni kwamba natoboa tundu lile lile kwenye ubao ule ule, asubuhi hadi jioni, na ubao wenyewe si ubao, ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Nataka kurudi. Nataka karakana yangu mwenyewe, pale kwenye gereji ya marehemu baba. Gari lilishaondoka, gereji imebaki ya panya na magodoro mabovu. Wewe sasa unaishi pale na mama, na sina mwingine wa kumwomba.

Naomba utoe takataka, umwite fundi umeme aweke soketi na taa, halafu unitengenezee benchi la kazi. Ndani ya bahasha utakuta uzi. Usiutupe, mjomba. Nimejipima nikiwa nimesimama wima, kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono. Benchi la seremala hupimwa kwa mwili wa mwenye kulitumia: likiwa juu mno linaua mabega, likiwa chini mno linaua mgongo. Baba alinifundisha hivyo. Wewe ni mrefu kama mlingoti, na mimi si ndiye uliyenibandika jina la Kisoda? Basi fuata uzi.

Mpwa wako,
Kisoda

*

3 Februari

Kwa mpwa wangu Kisoda, huko kwenye baridi,

Marahaba, tena marahaba ya kushiba. Mguu umepona zamani. Daktari alisema mfupa unaojiunga kwa kasi ile alikuwa ameusikia tu kwa wenzake, akaita na manesi waje waone.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaielewa, ingawa shule niliiachia darasa la tano. Niliiacha mimi, siyo yenyewe iliyoniacha. Mwalimu wa hesabu alikuja hadi nyumbani kunibembeleza nirudi, kwamba hana tena wa kumsahihisha.

Umemwomba mtu mwenyewe. Ninyi watoto mnanijua kwa malori, hamjui kwamba kabla ya malori nilikuwa seremala. Kuna ukumbi mmoja niliuezeka peke yangu, mvua imesimama pembeni inaningoja nimalize. Niliacha kwa sababu nilikuwa namaliza upesi mno, mafundi wenzangu wakaja kunililia. Baba yako, shemeji yangu, alikuwa fundi, siwezi kumnyima haki yake marehemu. Ila alikuwa mpole mno kwa mbao. Mbao haitaki upole, ni kama punda, ikikujua mpole inakulalia.

Gereji yako nimeivaa leo asubuhi. Panya niliyemkuta mle ndani alikuwa mtu mzima kiasi kwamba nilimwamkia kwanza ndipo nikamfukuza. Mama yako akatokea mlangoni na kitambaa puani. "Wewe, punguza fujo, majirani watasema tunapigana!" Nikamwambia, "Dada, waache waseme. Kazi ya mwanao ni vita." Akacheka. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Vyombo vya baba yako vipo kwenye kasha, alivifunga kwa magunia yenye mafuta kama vichanga. Uzi wako nimeutundika msumarini, nauona kila nikiingia. Tulia huko, gereji yako iko mikononi mwa mwanamume.

Mjomba wako

*

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ahsante. Nilivyofika kwa yule panya nilicheka peke yangu kwenye foleni ya chakula, wenzangu wakaniuliza nina nini.

Kuna mama wa huko nyumbani, muuza vitambaa huku, anarudi likizo na amekubali kuniletea sanduku. Ndani kuna jiliwa la kubania mbao kwenye benchi, klampu, patasi, na msumeno wa meza. Ni mdogo, lakini nimeutafuta muda mrefu. Naomba usikilize hapa: msumeno ukae katikati ya gereji, ukitazama mlango. Chumba ni kifupi. Ukiusukuma ukutani, ubao mrefu hauna pa kutokea. Ukikaa katikati, ubao unapita na kutoka nje kupitia mlangoni. Na kasha la baba lisikae juu ya sakafu tupu, saruji inapitisha unyevu, chuma kitaota kutu.

Hapa tunalala watatu chumba kimoja. Mmoja sanduku lake ndilo kabati, la mwingine ndilo meza. Jioni huwa nachora ile gereji nyuma ya karatasi za kazini, dirisha hapa, benchi chini ya dirisha, mimi hapa. Wenzangu wameshaijua kiasi kwamba wananiuliza, "Leo umesogeza nini?"

Nimeshamwambia msimamizi sitaendelea. Alitabasamu, akasema nifikirie hadi mwezi wa tisa, nafasi yangu ataishikilia. Nikamwambia sina la kufikiria.

Mpwa wako,
Kisoda

*

9 Mei

Kisoda wangu,

Kaa chini kwanza usome. Benchi limesimama.

Siyo benchi, ni taifa. Miguu yake nimeichonga kwenye gogo ambalo watu watatu walishindwa kulibeba, nikalibeba mimi huku naongea na simu. Nilipomaliza nikamimina maji juu kupima usawa. Mpwa wangu, yale maji yalisimama yanashangaa, hayajui yaende upande gani, mpaka mama yako akaja akayafuta kwa huruma. Patasi zako nazo nimezitia makali. Nzi alitua kwenye ncha ya moja, wakaruka wawili.

Fundi umeme alikuja, kijana mwenye majivuno. Akatazama juu, akatazama chini, akaniuliza, "Mzee, hapa unataka soketi ngapi?" Nikamwambia, "Weka mpaka ukuta ulalamike." Akasema, "Na hii karakana ya nani?" Mimi hapo nimeshika nyundo, nimevaa aproni ya shemeji, jasho linanitiririka. Ningemjibu nini? Nikamwambia ni karakana yetu. Akaniita fundi tangu hapo. "Fundi, nishikie ngazi." "Fundi, nipitishie waya." Ulimwengu una watu wenye adabu bado.

Raha ya benchi hili ni moja, nasimama wima siku nzima, siinami hata kidogo, mgongo umekuwa kama wa kijana. Nimeshaanza kazi mbili tatu ndogo ndogo, kuzipasha joto mashine. Mashine ikikaa bure inasahau.

Karakana yetu inakusalimu.

Mjomba wako

*

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale. Unasema unasimama wima siku nzima bila kuinama.

Mjomba, mimi nikisimama karibu yako nakufika kwapani. Kama benchi linakukaa wewe, basi mimi litanifika kifuani. Nitarandaje ubao ulio kifuani kwangu? Nitakuwa kama mtoto anayechungulia kaunta ya duka. Uzi ulisema nini? Uliutumia?

Si kazi kubwa kurekebisha. Geuza benchi, pima kwa uzi, kata miguu. Lakini kata yote sawasawa, tafadhali, kwa siku moja.

Na hizo kazi ndogo ndogo ni zipi? Sikukatazi, ila bleidi za ule msumeno ni mbili tu, na moja niliiweka kwa ajili ya mbao ngumu.

Mpwa wako,
Kisoda

*

20 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako imenipata nikiwa kazini, nikalazimika kukaa.

Uzi niliupima. Lakini uzi ni uzi, Kisoda, unavutika na kunywea, leo jua kesho mvua. Nikaona niache kupima kwa kitu kisicho na mfupa, nipime kwa mtu. Na mtu aliyekuwepo ni mimi. Ningemkodi mtu mfupi?

Kukata miguu ya benchi lile ni dhambi. Watu wanakuja kulitazama. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja akalizunguka kama anayetaka kulioa. Nikikata miguu nitamwambia nini, kwamba fundi alikosea? Nimepata njia nzuri zaidi, nitakutengenezea kijukwaa. Utapanda juu, utakuwa mrefu kama sisi, na nimekwisha kukipiga msasa ili usijichome. Ukichoka kusimama unakikalia. Niambie ni karakana gani huko kwenu yenye kijukwaa!

Kazi ndogo ndogo unazouliza si siri. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu alitaka meza ya kukatia vitambaa. Nilipompelekea akaitikisa kidogo, akasema, "Mbona inacheza?" Nikamwambia, "Mama, meza isiyocheza imekufa." Wateja wote wakacheka, na yeye akacheka, ingawa alitia kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja. Wanawake hawana imani. Kisha kuna vitanda vya watoto wa mwenye duka, na mlango wa yule kinyozi. Mlango ulifunga vizuri kabisa, ni kufungua tu ndiko kulileta maneno.

Bleidi usiwe na wasiwasi nazo. Chombo kizuri hakiishi, kinazoea.

Mama yako mzima. Amenishonea kofia ya kazi.

Mjomba wako, fundi

*

5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sitazunguka.

Fundi cherehani amenitumia picha kwa simu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunipongeza. Nimeitazama mpaka wenzangu wamezima taa wakidhani nimelala.

Juu ya mlango wa gereji pana kibao kipya: KARAKANA YA MJOMBA. Sioni jina langu, si chini, si pembeni, si kwa herufi ndogo. Ndani, msumeno umesukumwa ukutani, na pale katikati, mahali pa msumeno, umeweka kiti kikubwa chenye mikono, na wewe umekikalia unapokea wageni. Nyuma yako kuna mbao ndefu zimekatwa vipande vifupi vifupi, na nimeelewa kwa nini: hazikuwa na pa kutokea. Jiliwa limefungwa kwenye benchi upande wa kulia. Mimi natumia mkono wa kushoto, mjomba. Ulinichapa kwa sababu hiyo nilipokuwa mdogo, huwezi kusema umesahau.

Sijakukataza kufanya kazi. Ungeniambia tu, "Kisoda, nimeipenda hii kazi, tugawane," ningekubali. Tena ningekubali kwa furaha.

Msimamizi ameniuliza tena. Mwisho wa mwezi lazima nimjibu. Kwa hiyo nami nakuuliza, na naomba usinisimulie kitu, nijibu kwa neno moja tu: nikirudi mwezi wa kumi, ile ni karakana yangu au ni yako?

Mpwa wako

*

27 Agosti

Mwanangu,

Naandika mimi mama yako. Mjomba wako hatakujibu. Barua yako anatembea nayo mfuko wa shati, na siku mbili hizi hata hadithi zake hasimulii. Ananiambia, "Dada, mtoto ameniuliza kama askari." Umemuumiza. Najua na wewe umeumia. Mimi niko katikati, kama mguu wa tatu wa kigoda.

Nisikilize. Baba yako alipoondoka, nyumba hii ilinyamaza mpaka nikawa nasikia friji ikipumua. Nilikuwa nawasha redio si kwa kusikiliza, ni kwa kuogopa. Sasa naamka nasikia nyundo. Si nyundo nzuri, nani asiyejua? Niliishi na nyundo nzuri maisha yangu yote. Baba yako alikuwa anapiga mara mbili na msumari umekaa, huyu anapiga mpaka msumari unakata tamaa. Lakini ni nyundo, mwanangu. Kuna mtu nyumbani.

Alikuja kwangu na mfuko mmoja. Mkewe kamtoa nje, wenye malori hawamtaki tena, ile hadithi ya mguu wewe unaijua nusu tu. Alikuwa anakaa pale sebuleni kama mgeni aliyekosa basi. Leo akipita dukani watu wanasema, "Fundi, karibu." Nimeyaona mabega yake yakinyanyuka. Sasa nikimwambia atoke gerejini, nimwambie aende wapi?

Wewe una ujuzi mikononi, popote utakapotua utakula. Yeye ana mdomo tu. Njoo, hii ni kwenu, nani atakufungia mlango? Ila njoo kwa adabu, umsaidie saidie, umpigie msasa, umshikie ubao, naye atakuachia kidogo kidogo. Kile kibao usikiguse kwanza.

Nakuomba wewe kwa sababu wewe utanielewa. Yeye hataelewa. Wanaoelewa ndio huombwa, mwanangu, ndivyo dunia ilivyo.

Mama yako

*

14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Nimesaini mkataba mpya. Ni mrefu kuliko wa kwanza. Msimamizi alikuwa tayari ameniandikia, nafasi ilikuwa wazi tu ya jina langu. Mama nimemwandikia kivyake, nimemwambia nimemwelewa.

Jiliwa na msumeno na vile vingine bakini navyo. Kuvitoa pale ni kuvunja mgongo wa mama, na wewe unajua hivyo kama ninavyojua mimi. Ukikata mbao, vaa miwani. Sitaki mama aanze kukuuguza.

Nina ombi moja, na hili halina maelezo marefu. Ndani ya kasha la baba kuna randa ndogo ya mbao, nyeusi kwa mafuta ya mikono. Upande wa kushoto imelika, pana kishimo alipokuwa anaweka kidole gumba. Naye alikuwa wa kushoto kama mimi, ila hakuchapwa na mtu. Nilipokuwa mdogo alinishikisha, kidole changu kikazama chote mle ndani, akasema, "Ngoja, kitajaa." Mara ya mwisho nilipoishika kilikuwa kinakaa sawasawa.

Nitumie hiyo tu. Sitairandia kitu, hapa sina hata ubao wa kweli. Nataka kuishika jioni.

Mpwa wako

*

22 Oktoba

Mpwa wangu mpenzi Kisoda,

Marahaba! Nilimwambia mama yako siku zote, "Dada, huyu mtoto ana akili, mwache atulie atafikiri vizuri." Na umefikiri vizuri. Kazi ya kiwandani ni kazi ya kivuli, mtu hanyeshewi. Mimi sina kinyongo. Mtoto akikukanyaga mguu, unamwinua, unampangusa vumbi, unaendelea na safari. Barua ile ya mwezi wa nane nimeshaisahau, ipo hapa mfukoni lakini nimeisahau.

Karakana inavuma. Kinyozi amenyamaza, nimempa pazia badala ya mlango, na anasema wateja wanalipenda. Mwenye duka ameniletea jamaa zake. Juzi walikuja wageni wawili wamevaa tai, wakauliza mashine hizi nzuri zimetoka wapi. Nikawakalisha nikawaeleza, kwamba karakana yetu ni kubwa kuliko wanavyoiona, kwamba tuna tawi ng'ambo, kiwanda kizima, kina moshi na king'ora, na msimamizi wa tawi lile ni mpwa wangu mwenyewe niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu hii. Ungeziona nyuso zao! Mmoja aliandika. Kwa hiyo wewe usijione mnyonge huko, huku una cheo. Kuna siku nitaongeza neno kwenye kile kibao.

Kuna jambo moja dogo la kiufundi, uwaulize hao wenzio. Msumeno siku hizi unaunguza mbao, unatoa moshi kuliko maranda. Nadhani ni mbao za siku hizi. Ukipata bleidi nyingine huko, mpe yeyote anayekuja.

Mama yako anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni na kitambaa chake, anatazama tu mikono yangu ninavyoandika.

Sasa, randa yako. Nimekutumia kwa yule yule muuza vitambaa, ukiipata usinishukuru, damu ni damu. Nilimwambia aifunge kwenye nguo asije akaikwaruza. Ila nisingeweza kukutumia vile ilivyokuwa, Kisoda, ningeaibika, watu wangesema ndivyo vyombo vya karakana yetu vilivyo. Ilikuwa nyeusi kama chungu, na pale ubavuni pana shimo, utadhani limetafunwa na panya. Mimi nilijaribu kuishika, kidole kikawa hakikai. Basi nikaacha kazi za watu nikaikalia hiyo tu. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikalijaza lile shimo, nikapiga msasa mpaka ule weusi wote ukatoka, nikapaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Katika kazi zangu zote hii ndiyo nimeitulia, na siongezi chumvi.

Sasa imenyooka, inang'aa kama imetoka dukani leo. Pitisha kidole ubavuni, hutajua kabisa kwamba iliwahi kushikwa na mtu.

Mjomba wako,
Mkurugenzi